Patana na Wenzako Ungali Mzima

Ndugu msomaji, kama unakaa kando ya barabara kuu itokayo Namanga kwenda Arusha, au ile ipandayo mlima wa Kitonga kwenda Iringa na Mbeya, hukosi kuyaona malori fulani makubwa yenye madirisha marefu ubavuni, yamejaa wageni waliopakwa vumbi toka kichwani hata miguuni. Watoto huyakimbilia wakipunga mikono, na watu wazima huulizana, "Hawa nao wanakwenda wapi?" Wengine husema ni maskini wa Ulaya wasioweza kupanda ndege. Wengine husema ni matajiri waliochoka na raha zao.

Mimi nilifanya kazi ya upishi katika malori hayo miaka tisa, tangu 2010 mpaka 2019, nami naweza kukujibu. Wengi wao si maskini wala si matajiri. Ni wauguzi, walimu, mafundi, wanafunzi na wazee waliostaafu, ambao wameweka akiba kidogo kidogo ili waone nchi nne au tano kwa safari moja, wakilala katika mahema na kuosha vyombo vyao wenyewe.

Siandiki haya ili kuwasifu, wala kuwacheka. Naandika kwa kuwa siku hizi hata sisi tumeanza kusafiri kwa makundi namna hiyo. Kwaya hukodi basi na kuvuka mipaka kwenda kuimba kwa jirani. Vijana huchangishana fedha mwaka mzima wapate kwenda kuyaona maporomoko ya Victoria Falls. Walimu hupanga safari zao wakati wa likizo. Ni jambo jema. Tembea uone, wasema wazee wetu. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba kundi laweza kupita nchi tatu likiwa moja, kisha likavunjika kwa usiku mmoja tu. Usiku huo ndio ninaotaka kukueleza, kabla hujatoa fedha yako ya nauli.

Safari hizi zilikotoka

Usidhani ni jambo la juzi. Mwaka 1957 lilikuwako basi lililotoka London likafika Calcutta, katika India, likiwa na abiria wa kulipa nauli. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi wa Ulaya walifuata njia hiyo, wakipita Uturuki, Uajemi na Afghanistan mpaka India na Nepal. Njia ile ilifungika mwaka 1979, Uajemi ilipopinduka na majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan.

Wengine walishika njia ya Afrika. Walitoka London, wakavuka jangwa la Sahara, wakapita misitu ya Kongo, wakatokea Nairobi baada ya miezi mingi, na malori yao yamefungwa kamba na waya kila mahali. Nayo njia hiyo ikaharibika kwa vita vya Aljeria katika miaka ya 1990, na vita vilivyoanza Zaire mwaka 1996. Ndipo watu wa kazi hii wakaigeukia njia ya kusini: Nairobi, Arusha, Dar es Salaam, Mbeya, Malawi, Zambia, hata mto Zambezi, na wengine huendelea mpaka Cape Town. Sisi tulikuwa tukienda Nairobi mpaka Victoria Falls kwa siku ishirini na moja.

Lori na watu wake

Lori letu lilikuwa na viti ishirini na viwili. Chini ya sakafu yake kulikuwa na makabati ya mahema, meza, majiko ya gesi, masufuria na tangi la maji. Kila msafiri alikuja na shanta lake la mgongoni na mfuko wake wa kulalia. Watu wawili walilala katika hema moja. Watumishi tulikuwa watatu: dereva, mimi mpishi, na kiongozi wa safari, ambaye alikuwa Mkamba wa Machakos, mtu mpole lakini asiyependa maneno mengi.

Siku ya kwanza kila mtu alitoa fedha sawa na mwenzake, zikatiwa katika mfuko wa pamoja. Humo ndimo tulimonunua vyakula na kulipia kambi. Kiongozi aliandika kila senti katika daftari, na daftari lilikaa wazi, anayetaka asome. Msomaji wangu, likumbuke daftari hilo. Sikuona ugomvi wa fedha katika lori lililokuwa na daftari wazi, nami nimeona ugomvi mkubwa katika safari za wenzetu ambamo mhazini alisema, "Niaminini tu."

Kisha watu waligawanywa katika makundi manne ya kazi. Kundi la kwanza humenya na kukata pamoja na mpishi, la pili huosha vyombo, la tatu hufagia lori, na la nne hupakia mizigo. Kesho yake wanabadilishana. Vyombo huoshwa katika makarai matatu: la sabuni, la maji safi, na la maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Havifutwi kwa kitambaa, maana kitambaa kimoja chaweza kulisha lori zima ugonjwa wa tumbo. Hupungwa hewani mpaka vikauke. Ungewaona watu wazima, mmoja daktari, mwingine karani wa benki, wamesimama gizani wakipunga sahani kama kuku wanaotaka kuruka!

Kazi hizo ndogo ndizo zinazoonyesha tabia. Kwa siku tatu za kwanza wote ni wema. Siku ya nne utamjua yule ambaye kila ikifika zamu yake huenda kuoga. Siku ya saba watu huanza kumhesabia. Mimi sikuhitaji kuuliza nani mvivu. Niliona tu nani anakula bila kutazamwa usoni na wenzake.

Njiani

Nikikueleza njia yote sitamaliza leo, basi nitakugusia machache. Baada ya Arusha na mbuga za Serengeti na Ngorongoro, huteremka pwani. Kisha barabara yakata mbuga ya Mikumi kwa kilometa kama hamsini, na wageni huwaona twiga na tembo bila kushuka garini. Mbele yake ni Ruaha Mbuyuni, ambako nilinunua vitunguu vya juma zima, halafu bonde lenye mibuyu mingi, ndipo Kitonga na Iringa yenye baridi.

Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi. Ukivuka daraja, saa yako irudishe nyuma saa moja. Lakini watu hawakubadilika: Wangonde wa ng'ambo na Wanyakyusa wa huku ni ndugu, na lugha zao zasikilizana. Hapo pia jihadhari na vijana wabadilisha fedha wa kando ya barabara, ambao wana vidole vyepesi kuliko macho yako. Fedha ya Malawi yaitwa kwacha, na ya Zambia yaitwa kwacha, maana yake "kumekucha", lakini thamani zake si moja. Zaidi ya hayo, mwaka 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu katika fedha yake, na baadhi ya wageni waliuziwa noti za zamani zisizofaa kitu. Nawe ukiwa na shilingi zako, badilisha katika benki au duka lenye kibali.

Kutoka Karonga barabara hufuata Ziwa Nyasa, ambalo wenyeji wa huko huliita Ziwa Malawi. Lina urefu wa kilometa kama 580, na maji yake ni meupe hata unaona samaki wa rangi rangi wakicheza miguuni pako. Hakuna ziwa lingine duniani lenye aina nyingi za samaki kuliko hilo. Lakini lina kichocho pia. Wageni waliooga tuliwaambia wapate kutibiwa baada ya majuma kadhaa, maana dawa yake hufanya kazi vizuri minyoo ikiisha kukomaa. Ukiimeza kesho yake umejidanganya.

Usiku wa kando ya ziwa

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2016. Tulikuwa na wasafiri kumi na wanane. Miongoni mwao alikuwako mama mmoja wa Ubelgiji, mwalimu mstaafu, umri wake kama miaka sitini na mitano. Alikuwa mchangamfu, naye hakukosa zamu yake hata siku moja. Katika kundi lake la kuosha vyombo alikuwako binti mmoja muuguzi wa New Zealand, na kijana mmoja wa Uingereza aliyefanya kazi katika ghala la bidhaa.

Tulipofika kambi ya ziwani yule mama hakula. Usiku akatetemeka, asubuhi akawa moto kama jiwe la jikoni. Tukampeleka kituo cha afya, akatobolewa kidole, na kipimo kikaonyesha malaria. Alikuwa ameanza safari akimeza vidonge vya kinga, lakini aliviacha njiani kwa sababu vilimtia ndoto mbaya. Pengine mbu alimuuma kati ya Arusha na Dar es Salaam, maana malaria haitokei siku uliyoumwa. Hujificha siku saba na zaidi. Basi, msomaji, ukitoka safari na homa ikakushika hata baada ya majuma mawili au matatu, kapime, na umwambie mganga ulikopita.

Akapewa dawa mseto, vidonge vya siku tatu. Mganga akasema, "Mama huyu asipande lori kesho wala kesho kutwa. Apumzike, anywe maji, na atazamwe usiku na mchana."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kesho yake ilitupasa kuondoka alfajiri kwenda Lilongwe, kisha Chipata, kisha mbuga ya South Luangwa katika Zambia. Mbuga hiyo yasifika kwa chui, na huko wageni huruhusiwa kutembea na gari usiku na taa kuwatafuta. Ukikaa siku mbili ziwani, Luangwa huioni, kwa kuwa wengine walikuwa na tiketi za ndege za kuondoka Livingstone. Na amri ya wenye lori ilikuwa hii: safari haibadilishwi ila wasafiri wote wakubali. Mmoja akikataa, lori huenda.

Baada ya chakula kiongozi akawakusanya penye moto, akawaeleza, akasema, "Wanaokubali kungoja wanyoshe mikono." Wakanyosha watu kumi na mmoja. Wanne wakatazama chini. Wawili wakasema wazi kwamba hawakubali, na mmoja wao alikuwa yule kijana wa ghala.

Usimhukumu upesi, ndugu yangu. Alisimama akasema kwamba aliweka akiba miaka mitatu, kwamba tangu utoto wake alitamani kumwona chui, na kwamba hatapata safari nyingine. "Kila mmoja wetu alipewa vidonge vya kinga," akasema, "mimi navimeza kila siku, na ndoto mbaya naota mimi pia." Maneno yake yalikuwa na ukweli ndani yake. Wengine wakamjibu kwa ukali, naye akapandisha sauti. Akasimama mtu mwingine kumtetea, ambaye kwanza alikuwa amenyamaza. Wakaanza kukumbushana nani hakuosha sahani Iringa na nani alichelewesha lori Dar es Salaam. Mambo ya majuma mawili yakamwagika yote kando ya moto ule.

Mimi nilikuwa nikipeleka uji kwa mgonjwa. Hema lake lilikuwa hatua kama ishirini tu kutoka pale walipokaa. Msomaji, hema halina ukuta. Nilimkuta amelala macho wazi, ameelekeza uso wake upande wa sauti. Nikarudi nikamwambia kiongozi kwa Kiswahili, "Kaka, waambie wapunguze sauti. Yule mama anasikia." Alinitazama, akafunga mkutano pale pale. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha toka.

Asubuhi lori liliondoka. Yule binti muuguzi alishusha shanta lake, akasema atabaki. Kiongozi akafungua daftari, akawahesabia wawili hao fungu lao la chakula, akawapa mkononi. Hata hilo lilinung'unikiwa na wengine. Niliwaachia sukari, chumvi, limau, mchele na chandarua kizuri zaidi. Nilipomwaga yule mama alinishika mkono, akasema, "Sikuwakasirikia waliosema hapana. Lakini niliwasikia na wale walionyamaza."

Mimi ni mtu wa kazi, nilikwenda na lori. Viti viwili vilikuwa vitupu, na hakuna aliyeweka begi lake juu yake ingawa nafasi ilikuwa haba. Luangwa walimwona chui, tena wa karibu, amelala juu ya tawi, miguu inaning'inia. Kijana wa ghala alipiga picha nyingi nzuri. Jioni ile alikaa nazo peke yake, maana hakuna aliyemwomba kuziona. Zamu ya kundi lake ilipofika, aliosha vyombo vya watu wote peke yake, makarai yote matatu, wala hakuna aliyeinuka kupunga sahani. Nikaenda mimi. Tulipunga bila kusema neno.

Yule mama na muuguzi wake walikuja nyuma kwa mabasi, Lilongwe, Chipata, Lusaka, wakatukuta Livingstone siku ya mwisho jioni. Alikuwa amekonda lakini mzima. Watu walimkumbatia, na wengine walilia. Lakini kesho yake walipokwenda kuyaona maporomoko, walikwenda wawili wawili na watatu watatu, si kundi tena. Mto mzima waanguka mita 108 kwa upana wa mita 1,708, na moshi wake huonekana toka mbali. Wenyeji huuita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi ungurumao. Watu husafiri nusu ya dunia ili wakauone. Nao wakautazama kama watu waliotoka mazishini.

Mwaka uliofuata

Kiongozi wetu alilifikiri jambo lile muda mrefu. Aliniambia siku moja tukiwa gereji, "Mpishi, kosa halikuwa la yule kijana. Tuliwauliza swali hilo usiku mbaya. Tayari walijua nani mgonjwa na nani atakosa chui. Hapo kila mtu hupima kwa mizani yake."

Basi mwaka 2017, tulipoanza na kundi jipya, usiku wa kwanza Nairobi, kabla hema hata moja halijasimamishwa, aliwaketisha akawauliza, "Mmoja wetu akiugua njiani, tutafanya nini?" Walikuwa hawajajuana majina. Kila mtu alimtazama jirani yake, na nadhani kila mtu aliwaza moyoni, "Huenda nikawa mimi." Hawakubishana hata robo saa. Wakapatana hivi: mganga akisema mgonjwa apumzike, kundi litangoja siku moja kamili, hata kama ni kukosa mbuga au matembezi yaliyokwisha kulipiwa. Siku hiyo ikipita na mgonjwa bado hawezi, watu wawili watabaki naye kwa kupokezana, na nauli yao ya kulifuata lori itatoka katika mfuko wa pamoja. Wakaandika katika karatasi, wote wakatia sahihi, ikabandikwa karibu na mlango wa lori.

Karatasi ile ilifanya kazi. Tulipofika Chipata, mzee mmoja wa Kanada akashikwa na tumbo vibaya, akatiwa maji ya mshipani. Hapakuwa na mkutano wala mikono kunyoshwa. Kiongozi alionyesha karatasi kwa kidole tu. Sisemi wote walifurahi. Watu wawili walinuna mpaka jioni, na Luangwa waliiona siku moja badala ya mbili. Siku ile ya kungoja tulikwenda sokoni, na mama mmoja mwuza karanga akawaonyesha namna ya kupika mboga za majani kwa karanga zilizotwangwa, ambazo huliwa na nshima, yaani ugali wetu huu huu. Jioni mzee akaletwa kambini, akakuta wenzake wamempikia uji, ingawa haikuwa zamu ya mtu yeyote.

Watu waliotutangulia

Msomaji, jambo hili si la Wazungu wala la malori. Mji wa Livingstone wakukumbusha jina la mtu, nami kila nilipofika hapo niliwakumbuka zaidi watu wake. Dakta Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, walikuwako wenzake wa safari: Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wengine kwa makumi. Hawakuwa na mtu wa kuwaamuru. Wangeweza kumzika hapo na kutawanyika. Walikaa wakashauriana, wakapatana kuuchukua mwili mpaka pwani. Moyo wake wakauzika chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaubeba miezi kama tisa, kilometa zaidi ya 1,500, mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walipopita Unyanyembe, karibu na Tabora, Mwingereza mmoja mkubwa wa safari, Cameron, aliwashauri wauzike mwili hapo hapo. Wakakataa. Walikuwa wamekwisha patana.

Njiani waliugua, na wengine walikufa. Lakini kundi halikuvunjika, kwa kuwa neno lao lilisemwa mapema, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika neno hilo.

Maswali ya kuuliza kabla hujalipa

Sasa nisikilize vizuri, wewe kijana wa kwaya, wewe mwalimu, nawe mzazi ambaye binti yako ameleta karatasi ya safari ili uitie sahihi. Watu huuliza: Tutaona mbuga ngapi? Tutalala wapi? Ni shilingi ngapi? Yafaa kuuliza hayo. Lakini uliza na haya.

Safari ina siku ngapi za akiba, zisizo na kazi? Kama hakuna hata moja, jua kwamba mgonjwa wa kwanza atakuwa adui wa wote.

Mtu akiugua, nani atabaki naye, na kwa fedha ya nani? Wakikujibu, "Mungu atatulinda," itikia amina, kisha uulize tena.

Daftari la fedha litakaa wapi, na je, kila mtu aweza kulisoma?

Zamu za kazi zimeandikwa, au zitaachwa kwa wenye huruma? Maana wenye huruma huchoka, nao wakichoka huwa wakali kuliko wote.

Kila mtu ana pasipoti yake, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, dawa zake na namba ya simu ya nyumbani mahali panapojulikana na wenzake? Mtu mwenye homa kali hawezi kukuambia alikoviweka.

Na mapatano hayo yafanyeni wote mkiwa wazima, mmekaa kwa amani nyumbani, chai iko mezani, wala hakuna ajuaye ni nani kati yenu atakayelala hemani akitetemeka. Saa hiyo ndiyo saa ya haki, kwa sababu kila mmoja hujiwekea akiba yake mwenyewe. Mkingoja mpaka mgonjwa apatikane, mtakuwa mnapiga kura juu ya mtu, naye atawasikia.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka, niliacha kazi ya malori, na sasa nina mgahawa mdogo hapa nyumbani. Juzi mpwa wangu alikuja na wenzake kumi na wanne wa kwaya. Wanataka kwenda Malawi kwa basi mwezi wa Disemba. Wakaniomba niwapangie vyakula vya njiani. Nikawaambia nitawapangia kwa furaha, nao hawatanilipa kitu, lakini kwanza waniletee karatasi moja yenye sahihi kumi na tano. Bado naingoja.